Nekesa, usifunge tumbo

Nekesa mwanangu,

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa nimeketi kwa ngazi hapa nje juu stima ilikuwa imepotea. Umeitwa intavyuu kwa hiyo sacco huko Kisumu, Alhamisi saa tatu, na badala ya kufurahi unaniuliza kama uende ama uache, na ukienda uvae nini tumbo lisionekane. Hapo kwa tumbo ndipo umenigusa mama, ndio maana naandika badala ya kukupigia, kwa simu ningelia tu na nisimalize.

Kuna kitu sijawahi kukuambia. Mwezi wa tano mwaka wa 1996 nilikuwa na mimba yako ya miezi minne na baba yako alikuwa amepunguzwa kazi. Tulikuwa Kaptembwo, chumba kimoja. Kiwanda kimoja hapa Nakuru kilikuwa kinatafuta karani wa stoo na mimi hesabu nilikuwa naijua. Asubuhi ya intavyuu nilichukua ile leso ya kijani, unaijua, yenye pindo limechanika, nikaikunja mara mbili kwa urefu nikajizungusha kuanzia chini ya matiti mpaka kwa nyonga, upande mmoja nikaushika kwa meno nikavuta ule mwingine, fundo nikalisukuma kwa ubavu ili lisitokeze chini ya blauzi. Nilienda kwa miguu mpaka huko nikipumua kidogo kidogo. Kazi nilipata. Na kwa wiki sita kila asubuhi nilikuwa nakufunga hivyo, jioni nikifungua nakuta mikunjo ya leso imeacha alama nyekundu kwa ngozi, halafu wewe unaanza kucheza, unacheza mpaka usiku, kama mtu aliyekuwa amekaliwa miguu siku nzima.

Wiki ya saba nikazimia hapo stoo katikati ya makatoni. Wenzangu ndio walifungua leso nipate hewa na msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, akaona. Hakunipigia kelele. Jumamosi nikapewa pesa ya siku nilizofanya nikaambiwa niende nizae kwanza. Na mimi nikasema asante. Hiyo asante imeniuma miaka yote kuliko kazi yenyewe, juu niliamini kabisa kwamba nimewaibia, kwamba mwanamke mwenye mimba akiomba kazi ni mwongo. Wakati huo likizo ya uzazi ilikuwa miezi miwili na ukiichukua unapoteza ile ya mwaka, lakini hata hiyo sikuijua, na sikuwa na mtu wa kuuliza.

Wewe unaye. Ile miaka yangu kwa mashamba ya maua huko Naivasha wenzangu walinichagua mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi, na kitu cha kwanza nilitafuta ni hicho. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi ama mtu anayeomba kazi kwa sababu ya mimba. Anayeomba kazi pia, shika hapo. Na mambo yakifika kortini ni mwajiri anatakiwa aonyeshe kwamba hakubagua. Katiba ya 2010 nayo kwa kifungu cha 27 imetaja mimba kwa jina. Likizo ni miezi mitatu na mshahara kamili, na hakuna mahali hiyo sheria imesema lazima kwanza uwe umefanya miezi fulani, hao wanaokuambia ati mpaka mwaka uishe wanakudanganya. Unawaandikia siku 7 kabla ya kuondoka, wakitaka cheti cha daktari ama mkunga unawapa, ukirudi unarudi kwa kazi yako ama nyingine isiyo ya chini yake, na siku zako za likizo ya mwaka ziko palepale.

Sasa sikiza vile mimi naona. Kwa intavyuu si lazima utangaze, umeitwa kuulizwa mambo ya vitabu vya hesabu na mikopo, ongea hayo. Wakiona tumbo wakauliza, usiombe msamaha. Sema ndiyo natarajia mtoto mwezi wa tatu, nitachukua likizo yangu ya kisheria, na kabla niende nitakuwa nimemfundisha mtu wa kushikilia. Halafu nyamaza, usijaze hiyo kimya na maelezo. Wasipouliza, ngoja barua ya kazi ikifika mkononi, ndipo uwaandikie wewe mwenyewe kabla ya siku ya kuanza. Najua marafiki zako wanasema ficha mpaka probesheni iishe, lakini probesheni inaweza kuwa miezi sita na mtoto hataingoja, na tena hao ni watu mtaketi nao kila siku, ni vizuri wasikie kutoka kwako. Iwe kwa maandishi, barua pepe, ubaki na kopi. Nimeona wanawake wengi wamesema kwa mdomo tu na siku ya shida bosi anasema hakuambiwa.

Na hapo chemist usiandike barua ya kuacha kazi kabla ya kushika hiyo nyingine imesainiwa, hata wakikuahidi namna gani kwa simu. Mshahara wanachelewesha ndiyo, lakini hao pia wana deni lako la ile likizo ya miezi mitatu. Ukihama, hakikisha makato ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, hayakatiki hapo katikati, usifike siku ya kujifungua ndio unaambiwa malipo yako hayaonekani. Na mwambie mkwe wangu aombe zile wiki zake mbili mapema, za baba ni haki pia.

Wanaweza kukunyima, mwanangu. Siwezi kukuficha hilo, kuna watu wanaijua sheria na bado wanatafuta sababu nyingine ya kuandika. Lakini wakikunyima iwe ni wao wamekosea, usirudi nyumbani ukijiona mwizi vile mimi nilijiona.

Nimempa fundi kitambaa cha bluu akushonee gauni pana hapo kiunoni, ameahidi Jumanne, nitaliweka kwa matatu ya jioni nikutumie namba ya dereva. Alhamisi chukua tuktuk kutoka Kondele, usipande boda, na ubebe njugu na maji juu hawa watu wanaweza kukuweka kwa benchi mpaka saa sita.

Leso sikutumii. Hiyo nitakuja nayo mwenyewe mwezi wa tatu nikija kukuogeshea mtoto.

Mamako