Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma Mweka Hazina, nami sitamwingilia. Niseme tu kwamba ada bado zinaingia kwa kusuasua, na wanaodaiwa wanajijua.

Mwaka huu vikao vyetu vya historia ya reli vilikwenda mbali, hadi Palm Beach, Florida. Baadhi yenu mliguna: hoteli za matajiri wa Marekani zatuhusu nini? Zatuhusu, kwa sababu zinaonyesha reli inavyojitafutia abiria. Henry Flagler, aliyetajirika kwa mafuta akiwa mshirika wa Rockefeller katika Standard Oil, alitandaza reli kuelekea kusini, kwenye nchi yenye watu wachache mno. Nani angepanda treni? Akajenga hoteli. Royal Poinciana ilifunguliwa Februari 1894, na treni ikafika ng'ambo ya maji yanayoitenga Palm Beach na bara mwezi uliofuata. Yaani kitanda kilikuwa tayari kabla ya behewa. Jengo lilikuwa la mbao, na lilipanuliwa hadi likapita vyumba 1,000. Baadaye daraja likajengwa, matajiri wakawa wanaletwa na mabehewa yao binafsi mpaka hotelini.

Kikao kilichotuchelewesha kwenda nyumbani ni kile cha Styx, kitongoji cha vibanda walimoishi wafanyakazi weusi. Wao walijenga, na wao waliwaendesha wageni kwenye viti vya magurudumu kwa kukanyaga pedeli. Ardhi ilipopanda thamani, waliondolewa. Kwa maoni yangu, anayezisifu hoteli zile bila kuitaja Styx amesimulia nusu.

Hoteli ya pili, iliyofunguliwa ufukweni mwaka 1896, iliungua 1903, ikajengwa tena kwa mbao (ukaidi wa ajabu!), ikaungua 1925. Ile ya saruji ya mwaka 1926, The Breakers, ipo hadi leo. Royal Poinciana haikupona vizuri baada ya kimbunga cha 1928, ikabomolewa miaka ya 1930. Nayo reli ya Flagler iliyofika Key West, kisiwa cha kusini kabisa mwa Florida, mwaka 1912 ilivunjwa na kimbunga cha 1935. Njia yake ikageuzwa barabara ya magari.

Mwakani kamati inapendekeza turudi nyumbani, kwenye reli ya Mombasa hadi Kisumu, tuanze na makazi ya wafanyakazi wake. Wenye picha za wazee waliofanya kazi relini wazilete kwa Katibu. Zitanakiliwa na kurudishwa kwa wenyewe.

Mwenyekiti