Fundi, nakili faili kabla ya kufuta diski

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie desturi inayowagharimu pakubwa watu wa Kisumu na maeneo jirani walio na kompyuta nyumbani. Desturi yenyewe ni ya fundi kufomati diski kila mashine inapokataa kuwaka, na ya mwenye mashine kukubali bila kuuliza faili zake zitaenda wapi.

Jambo hili limepata uzito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni, na vipakatalishi vingi vya mitumba havifikii kiwango hicho. Majirani zangu kadhaa hapa Mamboleo wameamua kuhamia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, hasa matoleo yake ya Linux Mint na Ubuntu, ambazo hazilipiwi na huendelea kupokea masasisho ya usalama kwa miaka mingi hata kwenye mashine kuukuu. Uamuzi huo ninauunga mkono kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba wamehama na mazoea ya zamani, na mafundi wanaowahudumia wamehama nayo pia: hitilafu ikitokea, dawa ya kwanza ni kufuta kila kitu na kusakinisha upya.

Mfumo wenyewe si mali ya kulilia. Linux Mint inaweza kupakuliwa bure na kusakinishwa upya katika muda usiozidi saa moja. Kisichoweza kupakuliwa popote ni alama za wanafunzi ambazo mwalimu amezikusanya muhula mzima, daftari la chama linaloonyesha nani amelipa na nani anadaiwa, hesabu za kamati ya mazishi, na picha za wazazi waliokwisha kututoka. Fundi anayefuta vitu hivyo bila idhini amefanya kosa kubwa kuliko lile alilolipwa kurekebisha.

Nasisitiza kwamba katika Linux ni nadra sana kufomati kuwa lazima. Flashi ile ile iliyotumiwa kusakinisha mfumo inaweza kuwasha kompyuta na kuonyesha eneo kamili la kazi bila kugusa chochote kilicho ndani ya diski. Fundi akishawasha kwa flashi hiyo, anafungua diski ya mteja, anaingia katika folda ya nyumbani, na kunakili yote yaliyomo kwenye diski ya nje. Ikiwa diski ilifungwa kwa usimbaji fiche, mwenyewe ataitwa aandike nywila yake. Kazi hii haihitaji kifaa cha bei ghali wala ujuzi wa pekee, na inapaswa kutangulia kila hatua nyingine. Baada ya hapo ndipo utafutaji wa chanzo cha hitilafu uanze.

Na chanzo mara nyingi ni kidogo. Chukua hali hii, ambayo wasomaji wengi wa Linux wataitambua: kompyuta inawaka, dirisha la kuingilia linaonekana, mwenyewe anaandika nywila sahihi, kioo kinakuwa cheusi kidogo, kisha dirisha lile lile linarudi. Watu husema ni virusi. Moja ya sababu za kawaida kabisa ni kwamba diski imejaa, hivyo mfumo hauna mahali pa kuandika faili ndogo unazohitaji ili kumfungulia mtumiaji. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ingia kwa jina na nywila katika kioo cheusi kitakachotokea, kisha andika df -h, amri inayoonyesha nafasi iliyotumika kwenye diski. Mstari wenye alama ya mkwaju peke yake ukionyesha asilimia 100, umepata jibu. Amri ya sudo apt clean huondoa vifurushi vya programu vilivyokwisha kutumika, sudo journalctl --vacuum-size=200M hupunguza kumbukumbu za matukio, na sudo apt autoremove huondoa kerneli (viini vya mfumo) za zamani ambazo hujazana, hasa kwenye kizigeu, yaani sehemu ya diski, kidogo cha /boot. Mara nyingine kilichojaza diski ni nakala za mfumo zilizotunzwa na programu ya Timeshift kwenye diski hiyo hiyo. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji faili za mteja zifutwe.

Stima inayokatika ghafla nayo ina madhara yake, na sisi wa Magharibi na Nyanza tunaijua vizuri. Mfumo wa faili wa ext4, ambao Ubuntu na Mint huutumia, huweka kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyatekeleza, kwa hiyo mara nyingi hujirekebisha wenyewe kompyuta inapowashwa tena. Usipoweza, kompyuta husimama kwenye kioo cheusi na kuomba amri ya fsck, inayokagua na kurekebisha mfumo wa faili, itekelezwe kwa mkono. Mtu asiyezoea huona maandishi hayo na kudhani mashine imekufa, ilhali inaeleza waziwazi kinachohitajika, pamoja na jina la kizigeu chenye kasoro. Tahadhari ni mbili. Amri hiyo isitekelezwe kamwe juu ya kizigeu kinachotumika wakati huo. Ya pili ni kwamba ikiwa diski yenyewe imeanza kuharibika, kuikagua kwa fsck kunaweza kuongeza madhara, hivyo kunakili kutangulie.

Stima ikipotea katikati ya kusasisha programu, kompyuta inaweza kuwaka lakini ikakataa kusakinisha kitu chochote. Hapo amri ni sudo dpkg --configure -a, ambayo humalizia kazi iliyokatizwa. Kerneli mpya ikiwa haikukamilika na mashine haiwaki, orodha ya GRUB inayotokea mwanzoni, kwa kubonyeza Shift au Esc kulingana na mashine, humwezesha mtu kuchagua kerneli ya awali na kuendelea na kazi. Nimetaja mambo haya kwa urefu kwa sababu ndiyo yanayowapeleka watu kwa fundi, na ndiyo yanayoishia kwenye kufomati.

Joto na vumbi nitavitaja kwa ufupi tu. Kompyuta inayojizima yenyewe baada ya muda wa kazi nzito ikaguliwe feni kabla ya kulaumiwa mfumo.

Kuhusu afya ya diski, programu ya smartmontools inafaa iwe kwenye kila kompyuta ya nyumbani. Amri ya sudo smartctl -a ikifuatwa na jina la diski hutoa taarifa ambayo diski yenyewe imeitunza, na katika diski inayozunguka mistari ya kuangalia ni ile inayohesabu sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa na sekta zinazosubiri. Hesabu hizo zikiwa zinapanda wiki kwa wiki, diski inaelekea mwisho, hata kama kompyuta bado inaonekana nzima. Diski inayotoa mlio wa kugongagonga izimwe mara moja na isiwashwe tena ila kwa ajili ya kuokoa kilichomo.

Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Faili zilizofutwa kwenye diski inayozunguka zinaweza kuzoleka kwa sehemu kwa kutumia programu kama PhotoRec, mradi mfumo mpya haujaandikwa juu yake, ingawa zitarudi bila majina yao ya awali. Kwenye SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, hali ni mbaya zaidi, kwa maana kufomati kwa kawaida huiambia diski iachilie nafasi yote, na kilichokuwemo hakirudi. Mafundi wengi sasa huwabadilishia wateja diski ya zamani kwa SSD, jambo ambalo ni jema, lakini wanapaswa kujua kwamba makosa waliyoweza kuyarekebisha jana leo hayarekebishiki.

Hata hivyo, haitakuwa haki niwalaumu mafundi peke yao. Mwenye kompyuta asiye na nakala za akiba ameweka mali yake yote mahali pamoja, na siku ya hasara lazima ifike, fundi awepo asiwepo. Kanuni inayokubalika miongoni mwa watu wa fani hii ni kuwa na nakala tatu za kila faili ya maana, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na nakala moja iwe nje ya nyumba. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayopuuzwa, na kwetu ndiyo yenye maana kuu. Tunaishi katika bonde la ziwa lenye radi nyingi. Umeme wa radi ukiingia kwa waya, huunguza kompyuta pamoja na diski ya nje iliyochomekwa humo. Tambarare za Nyando hufurika misimu ya mvua. Mwizi akiingia nyumbani hachagui, atabeba kipakatalishi na kila kilicho kando yake. Kwa hiyo diski ya nje ichomolewe mara kunakili kunapoisha, na diski ya pili ikae kwa ndugu Kakamega, Eldoret au popote penye uaminifu, ikiwa imefungwa kwa usimbaji fiche wa LUKS ili asiyehusika asiisome. Nywila yake iandikwe kwenye karatasi na kutunzwa pamoja na hati za nyumba, maana ikisahaulika hakuna wa kuifungua.

Kuna kutoelewana kuhusu Timeshift ambako kumewaponza wengi. Programu hiyo huja na Linux Mint, na mtu akiiona inatengeneza nakala kila siku hudhani amelindwa. Timeshift inalinda mfumo. Kwa mipangilio yake ya kawaida haigusi faili zilizo katika folda ya nyumbani, wala haikukusudiwa kufanya hivyo. Kwa faili za mtu binafsi, Ubuntu ina programu ya Déjà Dup, na wanaopendelea kuandika amri wana rsync, iliyotoka mwaka 1996 na ambayo bado haijapata mpinzani kwa urahisi na kasi, kwa kuwa baada ya mara ya kwanza hunakili tu kilichobadilika. Anayetumia rsync na kuongeza chaguo la --delete ajue kwamba faili aliyoifuta kimakosa kwenye kompyuta itafutwa pia kwenye diski ya akiba. Kwanza aongeze -n, ili aonyeshwe kitakachofanyika bila kufanyika.

Aina ya diski ya nje nayo ina maana. Flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja yenye ukubwa wa gigabaiti 4 au zaidi, na hautunzi taarifa za umiliki na ruhusa ambazo Linux inazihitaji. Diski itakayotumiwa na Linux pekee iandaliwe kwa ext4. Kuhifadhi mtandaoni kunasaidia kwa nyaraka, na Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo kwa barua pepe, faili na picha zote kwa pamoja, lakini kwa video za harusi bando litaisha kabla kazi haijafika nusu.

Halafu nakala hizo zijaribiwe. Angalau mara moja kwa mwezi, mtu achague faili yoyote katika diski ya akiba, airudishe kwenye folda nyingine, aifungue na kuisoma. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haiwezi kutegemewa, kwa sababu kunakili kunaweza kushindwa kimyakimya, ama diski imejaa, ama folda ya picha haikuwekwa katika orodha tangu mwanzo.

Sasa narudi kwa mafundi, ambao wengi wao ni vijana wenye bidii na ninawaheshimu. Ninapendekeza kila duka la kurekebisha kompyuta, kuanzia Kondele hadi katikati ya mji, liwe na risiti yenye mistari mitatu ya ziada: kama mteja ana nakala za akiba, kama ameruhusu diski ifutwe, na faili zilizonakiliwa zimewekwa wapi. Mteja atie sahihi. Kazi ikikamilika na mteja akathibitisha kwamba faili zake zimerudi, fundi afute nakala iliyobaki dukani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za mtu binafsi azilinde, na diski ya mteja ina vitambulisho, taarifa za benki na picha za watoto. Vyuo vya kiufundi katika kaunti zetu navyo vinafaa kuwafundisha wanafunzi kuokoa data kabla ya kuwafundisha kusakinisha mfumo, na katika mtihani wa vitendo mwanafunzi apewe diski iliyojaa faili na mashine isiyowaka, apimwe kwa faili ngapi amezirudisha zikiwa nzima.

Mpaka hayo yatimie, ninawaomba wenye kompyuta wasiache mashine dukani kabla ya kuandikiwa kwenye risiti kwamba diski haitafutwa bila kupigiwa simu.

Mwalimu mstaafu,
Mamboleo, Kisumu