Picha za tanzia zinafia njiani

Mhariri,

Gazeti lako huwa naanza kulisoma kwa nyuma, kwenye tanzia na kumbukumbu, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni umri: nina miaka 64, na majina ninayoyafahamu yameanza kuhamia kurasa hizo. Ya pili ni kazi. Mimi ni mpiga picha, nina kibanda cha studio hapa Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni, na nimesomesha watoto kwa picha tangu enzi za mkanda. Kwa hiyo nikiona sura ya marehemu, jicho langu linaipima na picha yenyewe. Nyingi, uniwie radhi, hazitazamiki. Pua imekuwa ukungu, macho ni viboksi viwili vyeusi, na pembeni kuna bega la mtu aliyekatwa.

Sikulaumu wewe wala mitambo yenu. Picha hizo zinawafikia zikiwa zimeshakufa. Najua, kwa sababu na kwangu zinafika hivyohivyo.

Mwezi uliopita, Alhamisi saa kumi na moja jioni, waliingia vijana wawili. Wanataka picha ya baba yao mkubwa, fremu ya inchi 12 kwa 16, ya kutangulia jeneza. Msafara unapanda Marangu alfajiri. "Shikamoo mzee, tukurushie kwenye namba gani?" Wakanirushia. Picha ya harusi, watu tisa, baba mkubwa ni wa pili kutoka kushoto, suti ya kijivu. Nikawauliza imetoka wapi. Ilitoka kwa bibi harusi, ikaingia kundi la kamati, mjumbe mmoja akaiweka stetasi, mpwa wao akaipiga skrinishoti kwenye hiyo stetasi, na hiyo skrinishoti ndiyo niliyoletewa. Nikaifungua kwenye kompyuta nikausogeza uso wa mzee. Sikio hadi sikio: pikseli 140.

Kwa asiyejua, picha ya simu ni kama mkeka uliosukwa kwa vipande vidogo sana, kila kimoja rangi moja tu. Kipande hicho ndicho pikseli. Picha ikisafishwa vizuri kwenye karatasi hutaka pikseli 300 hivi kwa kila inchi. Katika fremu waliyoitaka, uso ungekuwa na upana wa inchi 7. Gawanya mwenyewe: unabaki na pikseli 20 kwa inchi. Ni sawa na kumpa fundi leso ukamwambia ashone kanzu.

Na hata hizo 140 hazikuwa nzima. Picha zetu nyingi huhifadhiwa kwa mtindo uitwao JPEG, uliopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992, wakati diski zilikuwa ndogo na ghali. Unachofanya ni kuigawa picha katika viboksi vya pikseli 8 kwa 8, halafu ndani ya kila kiboksi unatupa yale madogomadogo ambayo jicho haliyashtukii. Mara ya kwanza huoni kitu, na ni teknolojia nzuri. Bila hiyo simu ingejaa kwa wiki. Lakini kila picha inapopunguzwa na kuhifadhiwa upya, kinatupwa kingine kutoka kwenye kilichobaki. Ni majani ya chai yaleyale unayachemsha mara ya nne. Hapo ndipo viboksi vinajitokeza mashavuni kwa marehemu.

Nilifanya jaribio na binti yangu ili nisiseme kwa hasira tu. Alinipiga picha mlangoni kwa simu yake: pikseli 4000 kwa 3000, megabaiti 4 na kidogo. Akanirushia kwa WhatsApp kama kawaida. Kilichonifikia kilikuwa pikseli 1600 kwa 1200, na uzito haukufika hata kilobaiti 300. Pikseli milioni 12 zimeondoka kwake, kwangu zimefika chini ya milioni 2. Milioni 10 zimemwagika kati ya meza mbili ndani ya kibanda kimoja. Akanirushia tena, safari hii akabonyeza ile alama ya kibanio cha karatasi na kuchagua dokumenti badala ya picha. Ikafika kama ilivyozaliwa. Ndiyo, inakula bando. Megabaiti 4 kwa sura ya mzazi wako, nadhani tunazimudu. Video za vichekesho zinakula zaidi kabla hatujanywa chai.

Nirudi kwa wale vijana. Mmoja akaniambia, "Mzee, si uiweke kwenye ile programu ya akili bandia, inasafisha." Nikamkatalia, na sababu ninayo. Mwaka jana nilimfanyia hivyo mama mmoja mjane. Picha ilitoka inang'aa, ngozi laini, kila unywele mahali pake. Aliishika kwa muda mrefu, akaniuliza, "Huyu ni nani?" Mumewe alikuwa na kovu lililokata nyusi ya kushoto, alianguka utotoni akichunga mbuzi. Mashine ilimrudishia nyusi nzima. Programu hizi haziwezi kufufua kilichotupwa. Zinabuni, kwa kufuata nyuso za watu wengine zilizofundishwa. Kwa picha ya pasaka ya watoto, bunini mtakavyo. Kwa maiti sifanyi tena.

Nikawaambia wampigie shangazi yao. Wazee wa kike ndio makabati ya picha. Kweli, shangazi wa Kibosho alikuwa nayo moja ya karatasi, saizi ya kadi ya posta, iliyosafishwa zamani, imegandana na kioo cha fremu. Nikapiga kelele kwenye simu: msiibandue! Picha iliyogandana na kioo ukiivuta, sura inabaki kwenye kioo. Ikaletwa na bodaboda, imefungwa kwenye kitenge. Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi saa nne usiku. Nikafuta kioo kwa kitambaa laini kisicho na maji, nikaiweka kwenye skana hivyohivyo na kioo chake, nukta 600 kwa inchi. Asiye na skana angeweza kuipiga kwa simu mchana kando ya dirisha, flashi imezimwa, simu sambamba na picha, na lenzi imefutwa kwanza, maana lenzi za simu zetu zina mafuta ya chipsi. Uso ulitoka na mikunjo yake yote. Saa kumi na mbili kasoro wakaichukua.

Nimejiuliza tangu siku ile: yule mzee alipigwa picha ngapi miaka kumi ya mwisho? Labda mamia. Iliyomfikisha kaburini ni ya karatasi. Simu mbili za mtoto wake ziliibwa stendi, nyingine ikaanguka majini, na hakuna aliyekuwa na nakala. Wengine huniambia zao ziko Google. Sawa, lakini tangu Juni 2021 picha mpya zinahesabiwa kwenye gigabaiti 15 za bure, na barua pepe zako zinakaa humohumo. Tena kuna mpangilio unaozipunguza picha ili kubana nafasi, na wengi wameuchagua bila kujua. Wala sijisafishi. Harusi nilizopiga kati ya 2004 na 2009 nilizichoma kwenye CD nikajiona nimemaliza. Nikaziweka juu ya kabati, chini ya bati. Joto limekula ile rangi inayoshika kumbukumbu, na baadhi leo kompyuta inazizungusha tu, inanitemea. Negativu zangu za miaka ya themanini, kwenye kopo la biskuti, bado ziko hai. Siku hizi kila kazi naiweka kwenye diski mbili tofauti, na ya tatu anakaa nayo binti yangu mwingine Mwanza, ili kibanda kikiungua tusiungue wote. Na faili nalipa jina la mtu na mwaka. Simu huandika tarehe ndani ya picha, ila haijui kwamba huyu ni Baba Mkubwa. Na skrinishoti hubeba tarehe ya siku ilipopigwa, siyo ya harusi.

Sasa ombi langu, Mhariri. Chini ya ukurasa wa tanzia mmeandika: "Tuma picha na maelezo kwa WhatsApp." Naomba muongeze maneno machache tu: picha halisi, itumwe kama dokumenti, siyo skrinishoti. Gazeti halina shida kubwa kama fremu yangu. Kwa picha ya upana wa inchi 2 mnayoichapa, uso na mabega vikipata pikseli 400 kwa upana vinatosha kabisa. Na mtu akileta isiyofaa, mpigieni mumuulize kama kuna shangazi.

Likitoka, nitalikata tangazo hilo nilibandike kwenye mlango wangu, juu ya bei. Nikiwaambia mimi wanadhani natafuta kuongeza hela.

Mpiga picha wa Mbuyuni,
Moshi.