Barua ya Malalamiko: Niuzieni Beringi, Si Ngoma Nzima

Sanya Juu,
Wilaya ya Siha,
Kilimanjaro.

Meneja wa Vipuri na Huduma kwa Wateja,
Tawi la Arusha.

YAH: KUNYIMWA VIPURI NA KUFUTIWA WARANTI YA MASHINE YA KUKATIA NYASI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na mkulima wa nyasi za Boma Rhodes. Kwenu nilinunua mashine ya kukatia nyasi inayofungwa nyuma ya trekta, ile ya ngoma mbili, yaani mitungi miwili inayozunguka na visu vyake, yenye upana wa kukata wa sentimita 165, na risiti ya EFD ninayo. Kwa ukataji wake sina ugomvi, inakata vizuri. Ninacholalamikia ni mlivyonitendea kilipokufa kitu kidogo ndani yake.

Mwezi Juni, nyasi zikiwa ndiyo kwanza zinachanua, ngoma ya upande wa kulia ilianza kutoa mlio wa kusaga. Tulizima trekta, tukasubiri visu visimame kabisa, tukakuta kifuniko hakishikiki kwa joto. Sahani ya chini, inayoteleza juu ya ardhi, ilikuwa inacheza ukiitikisa kwa mkono. Fundi yeyote aliyewahi kufungua mashine hizi angesema hiyo ni beringi.

Nikawapigia simu. Ofisa wenu akanijibu kwamba beringi haiuzwi peke yake wala haipatikani popote nchini, ninunue ngoma kamili kwa shilingi 1,380,000, iagizwe kutoka nje, na ifungwe na fundi wenu tu, tena nauli yake kutoka Arusha nilipe mimi. Nilipoomba walau mchoro wa vipuri, nikaambiwa ni wa mafundi wa kampuni.

Ndugu Meneja, nyasi hazingoji oda ifike bandarini. Boma Rhodes hukatwa inapoanza kuchanua. Ukichelewa shina linakomaa, protini inashuka, na ng'ombe anashiba lakini ndoo haijai. Ikishakatwa inataka siku mbili tatu za jua na kugeuzwa ndipo ifungwe marobota, kwa sababu hei, yaani nyasi kavu za akiba, iliyofungwa na unyevu huota ukungu, na ghalani inaweza kupata joto hadi ikawaka. Huku kwetu masika yakiisha huja mawingu na baridi ya Juni na Julai, kwa hiyo jua la kuanikia ni la kugombania. Mtu anayeuza mashine za nyasi katika kanda hii anayajua haya.

Basi tuliifungua wenyewe, mimi na fundi wa hapa Sanya Juu. Tulichomoa propela, ile shafti inayoleta nguvu kutoka trekta, kwenye PTO, yaani mhimili wa nyuma ya trekta unaozungusha mashine, tukaegemeza mashine juu ya magogo, tukatoa visu, kisha sahani, kisha beringi yenyewe kwa pula, kifaa cha kuvutia beringi. Uzi wa plastiki wa kufungia marobota ulikuwa umejisokota kwenye shafti hadi ukachana sili, ule mpira unaozuia uchafu kuingia kwenye beringi, vumbi likaingia, na grisi ikawa kama uji wa ulezi. Chanzo cha ubovu kilikuwa hicho tu, sili isiyo na kinga ya kutosha.

Lakini kuna jambo jingine tuliloliona, na ndilo lililonifanya niandike. Pale ubavuni mwa beringi, mahali inapoandikwa namba, pamesagwa hata hapasomeki. Tukafungua na ngoma ya kushoto ili tulinganishe, nayo ni hivyo hivyo. Sijui kama ilifanyika kiwandani au kwenye ghala lenu, na sitamsingizia mtu. Ninataka mnijibu ninyi.

Fundi alichukua vernia akapima. Tundu la ndani milimita 35, kipenyo cha nje 72, unene 17. Hiyo ni 6207, beringi ya kawaida kabisa. Moshi mjini tuliipata ile iliyofunikwa mpira pande zote mbili, pamoja na sili mpya, na vyote viwili havikufika shilingi 60,000. Mashine ikarudi shambani na kazi ikaisha.

Nilipowaarifu, kwa nia njema kabisa, ili mteja mwingine mwenye tatizo hilo asaidike haraka, mlinijibu kwamba waranti yangu imefutwa kwa sababu mashine imefunguliwa na mtu asiyeidhinishwa. Jibu hilo limeniumiza sana. Beringi ilikufa kabla hatujagusa bolti hata moja, na tulifungua baada ya ninyi kukataa kuniuzia kifaa. Mnasema mnajali usalama. Mbona basi kitabu cha mashine hakina Kiswahili, na hakisemi bolti za visu zikazwe kwa nguvu kiasi gani, giaboksi inywe oili kiasi gani, wala kisu kikilika hadi wapi kibadilishwe? Kisu kikichomoka kwenye ngoma inayozunguka kinaweza kuua mtu aliye mbali. Anayeendesha trekta yangu ni kijana wa watu, wazazi wake wamenikabidhi. Kunificha maelezo hayo ni kumweka yeye hatarini.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inataka bidhaa ifae kwa kazi iliyonunuliwa, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kumwambia mteja kwamba beringi haipatikani nchini, na ipo rafuni Moshi, ni kumpotosha. Na ninachodai si kigeni. Jimbo la Colorado nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika Januari 1, 2024, inayowalazimu watengenezaji wa mashine za kilimo kuwapa wakulima na mafundi wa nje vipuri, vifaa na vitabu vya matengenezo.

Naomba waranti yangu irudishwe kwa maandishi, nipewe mchoro wa vipuri wenye namba zake pamoja na maelezo ya matengenezo kwa Kiswahili, na nielezwe nani alisaga zile namba. Naomba pia vipuri vidogo, yaani beringi, sili, mikanda na bolti za visu, viuzwe kimoja kimoja kwa mteja yeyote anayevitaka. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani nikiambatisha picha za beringi zote mbili, risiti zangu na barua yenu ya kufuta waranti.

Mvua za vuli zikipita tutakata tena, na visu nilivyonavyo vimekaribia kuisha. Katika jibu lenu niandikieni na bei ya seti moja ya visu pamoja na bolti zake.

Wenu,
Mteja wenu, mfugaji wa Siha.