Shukrani kwa mzee wa baiskeli, njia ya Noordwijk

Mzee wetu uliyetukuta, mimi na rafiki yangu, kwenye vilima vya mchanga kati ya Zandvoort na Noordwijk, miji ya pwani ya Uholanzi, mwezi Julai: asante sana. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepata pancha, upepo wa bahari unatumwagia mchanga usoni, na fundi hayupo karibu. Ukageuza baiskeli juu chini, ukachomoa tyubu, ukabandika kiraka, ukajaza upepo kwa pampu yako ndogo. Pesa ukakataa katakata. Kisha ukatuelekeza tufuate vibao vyenye namba vya njia za baiskeli hadi mji wa Leiden, tuachane na ramani ya simu. Tulifika bado kweupe (kiangazi kule, saa tatu usiku jua lipo!). Jina lako hatulijui. Mungu akuzidishie afya, babu.