Risala ya klabu ya muziki kwa mgeni rasmi: ngoma za Italia na yale maneno ya kwenye nota

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi wetu (hasa mliokaa juani, turubai halikutosha, mtusamehe), shikamooni. Wanafunzi wenzangu, mambo.

Mimi ndo katibu wa klabu, risala ilikuwa ya mwenyekiti ila yuko nyuma ya jukwaa anafungwa kitambaa chekundu kiunoni, mtamuona baadae.

Mheshimiwa, mwaka huu tumeandaa ngoma za Italia, na kuna watu wametuuliza kwani ngoma zetu zimeisha? Hazijaisha. Jambo lenyewe lilianzia kwenye kwaya. Wengi wetu tunaimba kanisani na karatasi za nota zimejaa Kitaliano ambacho tunakipita tu, tukiona allegro tunakimbia basi. Mwalimu wetu wa klabu akatwambia nyie, allegro sio haraka, ni kuchangamka, Mtaliano akishapata glasi zake mbili za divai wenzake wanasema huyu leo yuko allegro kidogo. Tulicheka siku nzima. Andante ni mwendo wa kutembea. Da capo ni anzia kichwani. Coda ni mkia, na watu wakipanga foleni benki kule Italia ile foleni nayo wanaiita coda. Piano ni taratibu, sauti ya chini, forte ni nguvu, ndo maana kile kinanda alichokiunda Bartolomeo Cristofori kule Firenze kwenye mwaka 1700 hivi kikapewa jina lenye piano na forte ndani yake, ukigusa kidogo kinanong'ona, ukikandamiza kinaunguruma, vinanda vingi vya nyuzi vya kabla yake havikuwa na uwezo huo. Baadae watu wakalikata jina likabaki piano, yaani chombo kizito vile tunakiita "taratibu".

Sasa tukajiuliza, maneno haya mbona yote ni ya kutembea, kuchangamka, kichwa na mkia, hawa watu walikuwa wanacheza nini?

Tukaanza na saltarelo, ambayo jina lake linatokana na kuruka, na kweli unaruka mpaka magoti yanalalamika. Ni ya Italia ya kati, huko Lazio, Abruzzo na Marche, wanaipigia organeto, akodiani ndogo ya vifungo (akodiani ni kile kinanda cha kukumbatia, unakivuta na kukisukuma). Mendelssohn, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, alipotembea Italia aliipenda, simfoni yake ya 4 iliyopigwa mara ya kwanza London mwaka 1833 inamalizikia na saltarelo.

Ila iliyotushika kabisa ni pizika, ya Salento, kule chini kwenye kisigino cha buti la Italia, ni ndugu wa tarantela, ngoma nyingine ya kusini mwa Italia. Zamani wakulima wa kule waliamini kuna buibui anauma watu shambani wakati wa mavuno, mwanamke (mara nyingi alikuwa mwanamke) anaanguka, hali chakula, haongei, na dawa yake sio sindano, ni mziki. Wapigaji wanaitwa nyumbani na fidla na tamburelo (kile kidufu chenye njuga pembeni), wanapiga hiki wanabadili kile mpaka wapate mlio unaomwinua yule mama, halafu anacheza masaa, siku nyingine mpaka kesho yake. Kulikuwa na kinyozi wa mji wa Nardò, Luigi Stifani, akinyoa watu na akiitwa na fidla yake kwenda kuwachezesha wagonjwa. Halafu tarehe 29 Juni wanapelekwa Galatina, kwenye kikanisa cha Mtakatifu Paulo. Mwaka 1959 mtafiti Ernesto de Martino alienda na timu yake kuyaona kwa macho.

Mheshimiwa, nilipomsimulia bibi yangu, mtu wa Tanga, hakushangaa hata kidogo. Alisema tu, "Sasa hiyo si kupunga?" Maana na pwani kila pepo ana ngoma yake, ukimpigia isiyo yake hashtuki. Sisemi Wataliano walichukua kwetu au sisi kwao, ila mimi mwili ulinisisimka.

Siku hizi hakuna anayepungwa Salento, pizika ni fahari yao, kila Agosti mji wa Melpignano unajaa watu kwa tamasha la Notte della Taranta lililoanza 1998.

Mapigo yake ni ya sita, moja-mbili-tatu nne-tano-sita, mguu unagonga kwenye moja na nne. Hapo hatukupata shida kabisa, ngoma zetu nyingi zimekaa hivyohivyo. Shida ilikuwa tamburelo. Tulitengeneza wenyewe, fremu ya chekeche, ngozi ya mbuzi, na vizibo vya soda tulivyovipiga nyundo vikawa bapa tukavitoboa tukavipanga kwenye waya viwili viwili. Kiganja kinapinduka upande huu na huu, gumba linachubuka, mpigaji wetu leo ana plasta mbili na ngozi ina doa la damu, ukitaka tutakuonesha.

Changamoto, Mheshimiwa, ni akodiani. Hatuna. Sehemu yake tunaiimba kwa mdomo, tena wa besi anaigiza vizuri mpaka wageni wanatafuta chombo kiko wapi, lakini akiishiwa pumzi ngoma inakufa katikati. Wataliano wanazitengeneza sana mji wa Castelfidardo, tangu Paolo Soprani afungue karakana yake 1863. Hatuombi mpya ya kule, hata mtumba, hata moja iliyostaafu kwenye kikundi cha taarab, tutaishona mifuko ya hewa wenyewe.

Mheshimiwa, kwa hayo machache tunaomba kuwasilisha. Tutaanza na andante, msidhani tumelala, inapanda taratibu. Ikifika allegro tunaomba wazazi wa mstari wa mbele msogeze viti nyuma kidogo, mwenyekiti akizunguka haangalii.