Kwa vijana wa vijiji vya Simanjiro, kabla hamjaweka dole gumba

Wanangu,

Nasikia dalali wa ardhi amerudi. Anapita boma kwa boma na pikipiki, ramani iko kwenye simu, na baadhi yenu mmeshamwonyesha mipaka. Sina ugomvi na mtu anayeuza kilicho chake. Hata mimi niliuza kipande changu zamani, nikanunua pikipiki. Ilikufa kabla ndama wa mwaka ule hajazaa.

Tatizo langu ni uwanda wa malisho, maana ule si wa mtu mmoja.

Wageni hudhani Hifadhi ya Tarangire inaishia kwenye mpaka uliochorwa mwaka 1970. Nyumbu hawajaambiwa. Mvua zikishika wanauacha mto wa hifadhini, wao na pundamilia, wanakuja kuzalia kwetu, kwa sababu nyasi fupi za huku zina fosforasi anayohitaji mama anayenyonyesha. Kiangazi kikikaza wanarudi mtoni. Ukilima maharage katikati ya uwanda, umewafungia mlango wa kuzalia, na nyasi ulizong'oa ni zilezile wanazokula ng'ombe wa baba yako.

Sisemi wanyama ni malaika. Nyumbu wakizaa tunahamisha ng'ombe, maana ndama wao wana ugonjwa usiowadhuru wenyewe ila wetu unawaua. Tembo akiingia shambani usiku mmoja unatosha, na kifuta jasho cha serikali hakijawahi kumrudishia mtu gunia lake. Hayo nayajua. Lakini juzi nilimkuta pundamilia jike amenasa kwenye seng'enge ya kiwanja kipya, waya umeingia mpaka kwenye mfupa wa goti. Hatua thelathini kutoka pale, mbuzi wa jirani walikuwa wamesimama wakitafuta pa kupita kwenda kisimani. Kiwanja chenyewe hakina nyumba.

Kuna njia nyingine, na imejaribiwa hukuhuku. Mwaka 2005 wenzetu wa kijiji cha Terrat walikubaliana na kampuni za utalii: uwanda usilimwe, mifugo iendelee kulisha, kijiji kilipwe kila mwaka. Fedha zenyewe si za kutajirisha mtu, na msiziamini kwa mdomo, ziandikwe. Ila uwanda ulibaki wa kijiji. Malisho pia yanaweza kuombewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la kundi zima, na hapo dalali hana wa kumrubuni pembeni.

Sasa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Basi nendeni mkutanoni, hata ninyi wake zetu mnaochota maji kule. Ombeni ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi ibandikwe ukutani muione. Daftari la mahudhurio likipita, soma kichwa cha ukurasa kwanza. Mimi nilisaini mahudhurio mara moja, na jina langu likaja kuonekana chini ya barua ya kukubali.

Nitakaa mstari wa mbele. Asiyejua kusoma aje akae nami, mjukuu wangu atatusomea.

Mzee wenu